Kibodi Kongwe na Kidole cha Mwisho

Kipya kinyemi kingawa kidonda. Methali hii hutajwa sana panapozungumziwa mavazi, nyumba au hata ndoa. Ni nadra kutajwa panapozungumziwa kibodi ya tarakilishi. Hata hivyo, katika chumba kimoja chembamba cha kupigia chapa, karibu na lango la chuo kikuu jijini Nairobi, maana yake ilidhihirika kikamilifu juu ya meza ya mama mmoja ambaye amepiga chapa tasnifu za watu kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wanaozileta.

Mama huyo alijifunza kazi yake katika miaka ya 1970, kwenye chuo cha uhazili, kwa mashine za kupiga chapa zilizoundwa kwa chuma. Mwalimu aliwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa ili macho yasipate nafasi ya kutafuta herufi. Vidole vyenyewe ndivyo vilivyotakiwa kuijua njia. Alifaulu mitihani ya Pitman, akaajiriwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ofisi yake ikaletewa tarakilishi za IBM. Miaka ilipita, tarakilishi hizo zikapitwa na wakati, zikapigwa mnada. Wanunuzi waligombania viwambo na makasha. Yeye aliondoka na kibodi moja tu, yenye uzito wa takriban kilo mbili, akaifunga kwa leso kama mtu aliyebeba mtoto. Wenzake walimcheka. Je, nani huenda mnadani akarudi na vitufe?

Profesa Eiiti Wada wa Japani hangecheka. Msomi huyu, ambaye mawazo yake yalizaa kibodi ndogo iitwayo Happy Hacking Keyboard mwaka wa 1996, aliwahi kutoa mfano wa wachunga ng'ombe wa magharibi mwa Marekani. Farasi akifa safarini, mchungaji humwacha, lakini hulibeba tandiko akaenda nalo kwa miguu. Farasi hubadilishwa, ilhali tandiko limekwisha kuuzoea mwili wa mwenyewe. Tarakilishi, kwa maoni ya Wada, ndiyo farasi. Kibodi ndiyo tandiko. Mama wa Nairobi hakuwahi kulisikia jina la Wada, ila alifanya vivyo hivyo. Aliwaacha farasi mnadani, akabeba tandiko.

Tandiko lenyewe lina historia yake. Kibandiko kilicho upande wa chini kinaonyesha kwamba lilitengenezwa Uingereza. Ni kibodi ya aina iitwayo Model M, ambayo IBM ilianza kuitengeneza mwaka wa 1985 na kuieneza duniani pamoja na tarakilishi zake za PS/2 kuanzia mwaka wa 1987. Nyingi zilitoka katika kiwanda cha Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Nyingine zilitoka Greenock, Uskochi, na zile za mpangilio wa Uingereza zilikuwa na vitufe 102 na alama ya pauni juu ya tarakimu 3. IBM haikuwa ngeni katika kazi hii. Kabla ya tarakilishi kuingia ofisini, ilikuwa imewauzia wahazili mashine ya umeme ya kupiga chapa iitwayo Selectric, iliyotoka mwaka wa 1961. Wateja wake walikuwa watu wanaoandika kutwa nzima, na vidole vyao vilijua kudai haki yao. Kibodi ya tarakilishi ilipaswa kuvijibu vidole hivyo kama mashine ilivyovijibu.

Jibu hilo hutolewa na springi. Ndani ya kila kitufe mna springi ndogo ya waya iliyosimama wima. Kidole kinapoanza kushuka, springi hubanwa, nayo hupinga kwa nguvu inayoongezeka. Hufika mahali ambapo haiwezi tena kustahimili kubanwa. Hujipinda ubavuni kwa ghafla, ikagonga ukuta wa tundu lake, na papo hapo ikakisukuma kijinyundo kilicho chini yake. Kijinyundo hubonyeza utando, mikondo miwili ya umeme hugusana, na herufi huingia. Aliyeubuni utaratibu huu ni Richard Harris, mhandisi wa IBM, aliyepewa hataza ya uvumbuzi wake mwaka wa 1978. Uzuri wake ni kwamba mlio, mshtuko unaohisiwa kidoleni na herufi yenyewe huzaliwa kwa tendo moja. Kitufe hakilii kabla ya kutenda, wala hakitendi kimya.

Kibodi nyingi za bei nafuu hufanya kazi kwa njia nyingine. Chini ya kila kitufe huwa mna kikombe kidogo cha mpira. Kidole hukibonyeza kikombe hicho mpaka chini kabisa, na huko chini ndiko herufi inakopatikana. Kibodi za namna hii ni nyepesi, hazina kelele, na ndizo zilizowawezesha mamilioni ya watu kumiliki tarakilishi. Hakuna sababu ya kuzidharau. Ila mpira huuacha uamuzi kwa macho. Kidole huhisi kwamba kimeshuka. Kama herufi imeingia au haikuingia, mwandishi sharti atazame kiwambo.

Kwa sababu hiyo, kibodi za zamani hazijakosa wapenzi. IBM ilijitenga na kitengo chake cha kibodi mwaka wa 1991, kikawa sehemu ya kampuni ya Lexmark. Lexmark ilipoiacha kazi hiyo mwaka wa 1996, baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wake waliunda kampuni ya Unicomp, ambayo imeendelea kuunda kibodi za springi kule kule Kentucky. Aidha, swichi za Cherry MX, zilizobuniwa katika miaka ya 1980, zimepata umaarufu mpya: za bluu hulia, za kahawia hukigusa kidole bila kelele nyingi, na nyekundu hushuka moja kwa moja. Muda wa hataza yake ulipokwisha katika miaka ya 2010, viwanda vya Uchina vilianza kutengeneza swichi za mfano huo kwa bei ya chini. Leo waandishi wa programu, watunzi na vijana wa michezo ya tarakilishi huzinunua. Wapo hata wanaozipanga kabatini kama vikombe vya kaure, wasiziguse ila siku ya kupangusa vumbi. Anayesema kuwa huu ni uchu wa mambo ya kale ana ukweli wake. Lakini ukweli huo haumhusu mama wa Nairobi, ambaye hana kabati wala hapangi chochote.

Ili kumwelewa, ni lazima kuitazama lugha anayoiandika. Mpangilio wa herufi unaotumiwa leo ulitokana na mashine ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka wa 1874. Aliyeupanga hakuwa na Kiswahili akilini. Katika Kiingereza herufi itumiwayo zaidi ni E, nayo hufikiwa na kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Katika Kiswahili itawalayo ni A, nayo imeangukia kidole cha mwisho cha mkono huo huo, kidogo na dhaifu kuliko vingine. Chukua sentensi fupi kama "wanafunzi wanasoma". Ina herufi 17, na tano kati ya hizo ni A. Neno kama "ng'ombe" linapoandikwa, ritifaa nayo humdai mwandishi kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kila anayepiga chapa Kiswahili hukitwika kidole kimoja mzigo mkubwa wa lugha nzima.

Isitoshe, A ya Kiswahili ikianguka huanguka na maana. "Walikataa" ikipoteza A moja huwa "walikata". "Kufaa" huwa "kufa". Kisahihishi cha tarakilishi hakiwezi kuitambua hasara hiyo kwa urahisi, kwa kuwa neno linalobaki ni neno halali, limesimama wima mahali pa ndugu yake bila haya.

Kwa muda mrefu mambo haya hayakumtatiza mama. Kisha macho yake yakaanza kumsaliti. Hospitalini aliambiwa ni glakoma, maradhi ambayo aghalabu huanza kwa kula pembezoni mwa uoni. Aliambiwa pia kuwa dawa zingeweza kuyapunguza kasi, ila uoni uliokwisha kupotea haurudi. Mpiga chapa aliyefunzwa kama yeye huukazia macho mswada, hakitazami kiwambo. Uoni ulipopungua, mswada uliyameza macho yote aliyobakiwa nayo. Cha kumhakikishia kuwa herufi imeingia kilikuwa ule mlio na ule mshtuko mdogo kidoleni. Masikio na vidole vikawa wasahihishaji wake, na hakumwambia mtu yeyote.

Mtoto wa dada yake mdogo, kijana anayekiendesha chumba hicho pamoja naye, hakuyajua hayo. Alichokijua ni kwamba tarakilishi yao ilikuwa imechakaa, na kwamba kibodi kongwe ilikuwa imeanza kulegea: vitufe kadhaa vilishuka kwa uzito usio wa kawaida, vingine vililia bila kuandika. Alinunua tarakilishi mpya. Haikuwa na tundu la mviringo la kuchomekea kibodi ya zamani, kwa hiyo alinunua na kibodi mpya, nyembamba na nyepesi.

"Mama mkubwa," alimwambia, "hii haina kelele. Wateja wataongea na simu bila kusumbuka."

Mama aliipapasa. "Ahsante, mwanangu," alijibu. "Lakini mbona imenyamaza hivi?"

Kijana alicheka, akaipeleka ile kongwe nyumbani, akaisukuma chini ya kitanda.

Mwezi huo mwalimu mmoja mstaafu alileta kumbukumbu za maisha yake, alizoziandika kwa mkono katika madaftari manane. Alitaka wajukuu wake wazisome wakati yeye mwenyewe angali hai wa kuulizwa maswali. Mama aliifanya kazi hiyo kwa wiki mbili. Mwalimu alichukua kurasa zilizokamilika, akaenda, akarudi baada ya siku tatu. Hakuwa na hasira. Alifungua ukurasa wa kwanza, akauweka mezani.

"Mama, hapa mama yangu ameitwa Salma."

"Si ndilo jina lake, mwalimu?"

"Jina lake lilikuwa Salama."

Kisha akafungua ukurasa mwingine. Babu yake, aliyemkataa ng'ombe wa fidia mbele ya wazee wa kijiji, alikuwa amemkata ng'ombe huyo. Mwalimu alijaribu kulifanyia mzaha, lakini mzaha haukumfikia mama. Alikuwa ameinamia ukurasa wa kwanza, uso karibu kuigusa karatasi, akilitafuta jina.

"Vidole vimekwisha, mwalimu," alisema hatimaye. Alimrudishia nusu ya malipo, akazima tarakilishi, akamwambia mpwawe kwamba mwisho wa mwezi angerudi mashambani.

Usiku ule kijana alibaki peke yake dukani. Aliweka kidole chake cha mwisho juu ya kitufe cha A, akayafumba macho, akabonyeza taratibu mara kumi, kama mtu mwenye mkono uliochoka. Kila mara aliamini kuwa amebonyeza. Alipoyafumbua macho, kiwambo kilimwonyesha A saba. Alirudia, akapata nane. Hapo ndipo alipofahamu kuwa zawadi yake ilikuwa imempokonya mama yake mkubwa kitu ambacho yeye hakuwahi kukihitaji, kwa kuwa macho yake bado yalikuwa mazima. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Alikwenda nyumbani, akaitoa ile kongwe chini ya kitanda, na asubuhi akaibeba hadi Luthuli Avenue, kwa fundi wa vyombo vya umeme.

Fundi aliipima mkononi, akauliza, "Kwa nini usinunue nyingine?"

"Nilinunua," kijana alijibu.

Kibodi ilifungwa kwa skrubu nne zenye vichwa vya pembe sita, vilivyozama ndani ya mashimo marefu. Ilipofunguliwa, vipande vyeusi vya plastiki vilimwagika mezani kama punje za mtama. Fundi alielewa. Ndani ya Model M, bamba la chuma lililopinda, utando na fremu ya vitufe hushikwa pamoja kwa makumi ya vijiti vya plastiki ambavyo vichwa vyake viliyeyushwa kiwandani. Umri ukifika, vichwa hivyo hukatika kimoja kimoja. Bamba hulegea, na springi hukosa mahali imara pa kusukumia. Fundi alitoboa matundu madogo mahali pa vijiti, akatia parafujo na nati nyembamba, moja baada ya nyingine, kwa siku mbili. Vitufe alivichomoa na kuviosha kwa maji ya sabuni. Herufi zake zilitoka nyeusi kama zilivyokuwa, maana rangi yake ilipenyezwa ndani ya plastiki, haikupakwa juu. Lilibaki tatizo la tundu. Kiunganishi cha kwanza hakikufaa, kwa kuwa kibodi kongwe hudai umeme mwingi kuliko nyingi za leo. Ikabidi kitafutwe kingine chenye saketi yake ndani.

Hapa yafaa kusema kweli. Kibodi hii inayotukuzwa si malaika. Ina kelele, na jirani mwenye usingizi mwepesi ana haki ya kulalamika. Aidha, Model M yenyewe ilikuwa njia ya kupunguza gharama. Mtangulizi wake, Model F, iliyotoka na tarakilishi ya IBM PC mwaka wa 1981, ilikuwa na bamba mbili za chuma na mfumo wa umeme uliokuwa ghali zaidi. Model M ilileta utando wa bei nafuu na vile vijiti vya plastiki. Vipande vilivyomwagika juu ya meza ya fundi vilikuwa bei ya akiba iliyofanywa Marekani miaka mingi iliyopita. Lakini tazama walichokiacha bila kukipunguza. Walipunguza chuma, wakapunguza saketi, ila springi na jibu lake kwa kidole hawakuvigusa. Walijua kwamba mhazili angeweza kuwasamehe mengine yote.

Jibu hilo ndilo watu wanalolitafuta hata leo, wajue au wasijue. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanakumbuka kwamba tenzi nyingi za kale huanza kwa mtunzi kuitisha wino, karatasi na kalamu. Katika utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka wa 1858, mama mgonjwa humwita binti yake akaribie na wino na karatasi kabla ya kumpa usia. Beti za namna hiyo hupitwa haraka darasani, kana kwamba ni ada tu ya kufungulia mlango. Huenda zinasema zaidi. Mtu mwenye jambo zito la kuacha nyuma hukihakikisha kwanza chombo chake, kwa sababu neno likipotelea njiani kati ya mkono na karatasi, hatakuwapo kulisahihisha. Mwalimu mstaafu na madaftari yake manane alikuwa katika hali hiyo. Mama wa kupiga chapa naye alikuwa katika hali hiyo, kwa namna yake.

Kijana aliirudisha kibodi mezani siku ya Ijumaa, kabla mama hajafika. Hakusema kitu. Mama aliketi, akanyoosha mikono kwa mazoea, na vidole viwili vya shahada vikatafuta vinundu vilivyo kwenye F na J. Alikaa kimya kwa muda. Kisha aliomba daftari la kwanza la mwalimu.

"Nisomee, mwanangu. Polepole."

Glakoma haikuwa imeondoka, na parafujo za fundi hazingeirudisha nuru iliyokwisha kupotea. Itafika siku ambapo hata mswada hatauona, na kila kazi itakuwa ya kusomewa. Lakini kijana alisoma sentensi ya kwanza, ile inayomtaja mama wa mwalimu, na vidole vikaanza kutembea. Mteja aliyekuwa akizungumza na simu mlangoni aligeuka kutazama kelele hiyo inatoka wapi.

Walipofika kwenye jina, mama aliinamisha kichwa kidogo na kusikiliza. Milio sita.

"Salama," alisema. "Endelea."